Amevumilia

Daftari la chumba cha vidonda lilikuwa na safu saba, na ya sita ilichorwa kwa rula na kuandikwa kwa kalamu nyekundu: Dawa ya maumivu. Chini yake, ukurasa baada ya ukurasa, kulikuwa na herufi mbili tu. AV. Jipu kupasuliwa, AV. Mkono uliovunjika kunyooshwa, AV. Mimba iliyoharibika kusafishwa, AV. Kidole kukatwa, AV. Muuguzi mgeni, ambaye hospitali nzima ilishaanza kumwita Sista Mgeni kabla hajatundika hata mkoba wake, alisimama na daftari lile asubuhi ya Jumatatu akikuna kichwa. Alikuwa ametoka hospitali kubwa, miaka sita katika chumba cha upasuaji, upande wa kulaza wagonjwa usingizi. Dawa za maumivu alizijua kama mpishi anavyojua viungo. Hii AV hakuwahi kuisikia.

Basi akafanya ambalo angelifanya mtu yeyote mwenye akili timamu. Alikwenda kwenye dirisha la dawa akaomba AV.

Mtoa dawa alimtazama, akamwita mwenzake, wote wawili wakamtazama.

"Unataka AV ya vidonge au ya maji, Sista?"

"Iliyopo tu."

"Ipo tele. Hii haijawahi kutuishia." Akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akalalia kaunta. "AV ni Amevumilia, dada yangu. Mgonjwa amevumilia."

Sista Mgeni hakucheka. Siyo kwamba alikuwa mgumu wa utani. Hospitalini watu hutania hata maiti, na yeye mwenyewe alikuwa na vichekesho vyake ambavyo asingethubutu kuvisimulia mbele ya mama yake. Lakini utani uliopigiwa mstari kwa rula, ukawekewa safu na kutiwa saini kila siku kwa miaka miwili, huo haukuwa utani tena. Ulikuwa utaratibu wa kazi. Alirudi chumbani na lile daftari kwapani, na mdomoni alihisi ladha ya kitu kilichochacha.

Saa nne kamili aliona jinsi kuvumilia kunavyofanyika.

Kutoka wodini aliletwa mtoto wa kike wa miaka saba, aliyelazwa tangu Jumamosi baada ya kumwagikiwa na sufuria ya maji ya moto wiki iliyotangulia. Paja lote la kushoto lilikuwa kidonda mpaka nyuma ya goti. Bibi yake, aliyekuwa akimlea, alimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiotulia, ingawa tangu aungue alikuwa haongei ila akiulizwa. Bibi aliachwa kwenye benchi la nje. Muuguzi wa vidonda, mama mtu mzima aliyeitwa Mama Spiriti kwa harufu iliyokuwa haimtoki hata akienda harusini, aliwasha redio iliyokuwa dirishani, akapandisha sauti mpaka mwisho.

"Ya nini?" Sista Mgeni aliuliza kwa sauti ya juu.

"Walioko kwenye foleni wasiogope," Mama Spiriti alijibu. Kisha akatoa kichwa mlangoni. "Niitieni washikaji."

Kwingine kote duniani, mshikaji wako ni rafiki yako, wa kula naye na kucheka naye. Katika hospitali ile washikaji walikuwa mlinzi wa getini na mkata nyasi, na kazi yao ilikuwa kukushika. Mlinzi alikuja na kijiti cha meno mdomoni, akalalia mabega ya mtoto bila kukitoa. Mkata nyasi alishika mikono. Mguu wa kulia, ule usioungua, ulikuwa hauna mtu.

"Dada, shika huo mguu," alisema tabibu, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa pale. Wagonjwa walimwita Jikaze, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho.

Sista Mgeni alishika. Na iandikwe hivyo, maana hata yeye baadaye hakutaka kujisafisha: alishika kifundo cha mguu kwa mikono yote miwili, kwa nguvu.

Shashi ya jana ilikuwa imekaukia kwenye kidonda. Jikaze aliivuta. Chiriku hakutukana wala hakuita mama. Alimwamkia.

"Shikamoo daktari," alisema akitetemeka. Shashi ikavutwa tena. "Shikamoo. Shikamoo daktari, sitarudia. Shikamoo."

Masikini, alidhani anaadhibiwa. Alikuwa amefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hapigwi, basi akatoa adabu yote aliyokuwa nayo, moja baada ya nyingine, huku ngozi ikitoka na shashi na redio ikitangaza mabati.

"Marahaba," Jikaze aliitikia bila kuinua macho. "Jikaze kidogo."

Ile marahaba ndiyo iliyomchefua Sista Mgeni kuliko usaha na kuliko jasho la mlinzi lililokuwa likimdondokea mtoto usoni. Ilitoka laini, ya mtu anayepita barabarani asubuhi njema. Baada ya dakika ishirini Mama Spiriti alizima redio, akafungua daftari, na katika safu ya sita akaandika herufi zake mbili kwa mwandiko mzuri wa shule.

Siku ya pili, mchana, baada ya kidonda cha Chiriku kusafishwa kwa namna ileile, Sista Mgeni alipewa kazi ya kuhesabu vifaa ofisini kwa tabibu. Alifunguliwa kabati la chuma. Rafu ya juu kulikuwa na chupa ndogo kumi na nane za ketamini, dawa ya usingizi aliyoitumia maisha yake yote ya kazi, zikiwa zimebakiza miezi minne kuharibika. Kulikuwa na dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali, mihuri yake haijakatwa. Kulikuwa na mfuko wa kupumulia na barakoa zake za saizi tatu, ndani ya nailoni yake ya kiwandani. Kibanio cha kidoleni, kile cha kusoma mapigo ya moyo na oksijeni, kilikuwa bado kwenye boksi. Na ile meza ndogo pembeni, iliyofunikwa kitambaa cha maua na kuwekewa chupa ya chai, haikuwa meza. Ilikuwa mashine ya oksijeni.

Alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akarudisha chupa ya chai mahali pake.

Kwa nini hakusema palepale? Alikuwa na sababu zake, na zote zilikuwa na sura ya heshima. Alikuwa mgeni. Hakutaka aonekane mjuaji wa mjini aliyekuja kufundisha watu kazi. Jumatano, baada ya kumshika mtoto mguu kwa mara ya tatu, alimuuliza Jikaze kwa sauti ya kuomba radhi kama ile ketamini huwa inatumika.

"Hiyo si ya mchezo," Jikaze alisema, akajimiminia chai.

Naye akanyamaza. Alhamisi akashika tena.

Alhamisi hiyo, kabla ya adhuhuri, alimkuta bibi wodini akifunga kanga na sufuria kwenye fundo. Chiriku alikuwa amekaa kitandani, mguu ameukunja kwenye goti, hataki unyooshwe.

"Mama, mnakwenda wapi?"

"Nyumbani, mwanangu." Bibi hakuacha kufunga. "Usiku huu wote mtoto alikuwa ananiamkia. Nikimgusa kumfunika, shikamoo. Nikimpa maji, shikamoo. Mimi ni bibi yake, ananiogopa. Afadhali akae na kidonda chake."

"Kidonda kitaoza, mama. Na goti likipona hivyo lilivyokunjika, ndiyo basi. Hatatembea sawasawa maisha yake yote."

"Najua. Ameshaniambia daktari. Ameniambia nisaini."

Kweli, karatasi ilikuwa tayari juu ya kitanda: mgonjwa amekataa matibabu. Jikaze alishajaza kila kitu isipokuwa kidole gumba cha bibi. Sista Mgeni aliisoma yote. Watu wamemkamua mtoto siku sita, kisha yeye ndiye aliyekataa.

"Nipe kesho, mama," alisema. "Kesho moja tu. Kesho atalala, hatasikia kitu. Asile chochote kuanzia usiku wa manane. Maji anywe, mwisho saa mbili asubuhi."

Bibi alimwangalia kwa muda. Alishaambiwa mengi na watu wenye makoti meupe. "Kesho moja," alisema, akaliacha fundo lilivyo, limefungwa.

Sasa Sista Mgeni alikuwa ametoa ahadi ya kitu kilichokuwa chini ya ufunguo wa mtu mwingine. Alichukua daftari la vidonda akaanza kulipitia tangu ukurasa wa kwanza, akihesabu AV, apate namba ya kumpiga nayo Jikaze usoni. Alifika mia mbili na kumi na moja. Mstari uliofuata ulikuwa na maandishi marefu, akadhani macho yamechoka. Akausoma mara mbili, kisha akamwita Mama Spiriti.

"Huyu ni nani? 'Mtumishi, mwanamume, miaka arobaini na sita, jipu kwenye kalio.'"

Mama Spiriti alivaa miwani, akasoma, akaivua. Alitazama mlangoni kwanza.

"Si ndiye huyo huyo bosi wako, mdogo wangu."

"Na hapa safu ya sita?"

"Ganzi sindano mbili. Na ile ya kumlegeza, ya mshipani. Ya kwanza nilipomchoma alisema haijashika, nikaongeza." Akaikunja miwani. "Jipu lenyewe lilikuwa dogo, kama punje ya mahindi."

Hapo ndipo kinyaa kilipomshika sawasawa. Angekuwa mtu asiyejua dawa inafanya nini, ungesema ni ujinga. Jikaze alijua. Alijua mpaka kiasi cha kuongeza.

Alimkuta Jikaze ofisini. Hakukaa alipokaribishwa.

"Kesho yule mtoto nitamlaza mimi. Wewe utasafisha kidonda, Mama Spiriti atakusaidia. Naomba ufunguo wa kabati."

"Dada, tuko wanne kwenye zamu. Wewe kazi yako itakuwa nini?"

"Kukaa kichwani kwake na kumwangalia anavyopumua."

"Basi?"

"Basi."

Jikaze alicheka puani. "Yaani nikulipe zamu ukae kwenye stuli utazame mtoto anapumua. Kazi afanye nani?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Alitikisa kichwa, na kicheko kikakatika. "Wewe hujui. Mimi nilishawahi. Miaka minane iliyopita, mtu mzima, jeraha la panga. Nikamchoma dawa, akalala vizuri, nikaanza kushona. Nilipoinua kichwa, midomo imeshakuwa ya bluu. Hatukumwokoa."

"Nani alikuwa anamwangalia?"

"Mimi."

"Na nani alikuwa anashona?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Jikaze ulionyesha umri. Sista Mgeni angeweza kumhurumia, na kwa kweli huruma ilikuja mpaka mlangoni. Lakini alikumbuka marahaba.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamwangalia," alisema. "Ukaona heri watu wapige kelele, maana anayepiga kelele unajua anapumua. Sawa. Nimekuelewa." Akafungua daftari mezani, akaweka kidole chini ya mstari. "Na hapa? Hapa Mama Spiriti alikuwa anakuangalia unapumua?"

Jikaze alisoma. Alisoma polepole, mtu anayetafuta kosa la tahajia la kumwokoa. Kisha aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akausukuma mezani.

"Likitokea lolote, ni wewe."

"Andika hivyo, nitatia saini."

Ufunguo ulikuwa na joto la mfuko wake. Sista Mgeni aliufuta kwenye gauni kabla ya kuushika vizuri.

Ijumaa asubuhi mashine ya oksijeni ilivuliwa kitambaa chake cha maua. Sista Mgeni aliiwasha na kusikiliza kama inatoa hewa. Aliangalia mashine ya kufyonza mate, akajaribu mfuko wa kupumulia kwenye kiganja chake, akachagua barakoa ya kumtosha mtoto. Alimpima Chiriku uzito, akamsikiliza kifua, akauliza kama ana mafua. Alipiga mahesabu ya dawa kwenye karatasi, akampa Mama Spiriti naye apige ya kwake, wakalinganisha. Washikaji walipokuja waliambiwa leo hawana kazi. Mlinzi alisimama mlangoni akiwa hajui pa kuweka mikono. Redio ilibaki imezimwa, maana alitaka asikie kila pumzi.

Chiriku alipoona koti la Jikaze alianza. "Shikamoo—"

"Huna haja ya kumwamkia mtu," Sista Mgeni alimwambia. "Niambie mimi, nyumbani mna kuku wangapi?"

"Watano. Na mmoja ana kichwa kibaya, halafu—"

Dawa ikamkuta hapo kwenye kuku. Macho yake yalibaki wazi yakichezacheza, yakitazama darini bila kuona kitu. Ndivyo ketamini inavyolaza watu. Hilo Sista Mgeni alikuwa amelizoea mno, kiasi kwamba hakukumbuka kumwambia bibi.

Jikaze alilowesha shashi kwa maji ya chumvi, akaivuta. Mtoto hakutikisika. Akavuta yote. Kisha akaanza kuondoa ngozi iliyokufa, mahali ambapo siku sita hakuweza hata kugusa, na goti lililokuwa limegoma aliweza kulinyoosha kwa kidole kimoja. Mama Spiriti alikwenda kuchukua maji mengine.

"Nipe hizo shashi hapo nyuma yako," Jikaze alisema.

"Siondoki hapa."

"Ni hatua moja, dada."

Hakumjibu, kwa sababu mkoromo mdogo ulikuwa umetokea kooni kwa mtoto. Kwenye kibanio, tisini na saba ikawa tisini na nne, ikawa tisini na moja. Kifua kilipanda bila hewa kuingia. Sista Mgeni aliinua kidevu, akasogeza taya mbele kwa vidole viwili, akaingiza mrija wa kufyonza akatoa mate. Mkoromo ukaisha. Tisini na tatu. Tisini na sita. Yote hayo hayakufika nusu dakika. Jikaze alikuwa ameganda, mkasi hewani, akiitazama midomo ya mtoto. Kisha akazunguka kitanda mwenyewe kufuata shashi zake.

Nje, kwenye benchi, bibi alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kwa siku sita alikuwa amejifunza namna ya kuzistahimili: anauma pindo la kanga na kuhesabu matofali ya ukuta wa mbele. Leo alihesabu matofali yakaisha. Hakuna redio. Hakuna shikamoo. Chumba kile hakikuwahi kunyamaza, na akilini mwake kilikuwa na sababu moja tu ya kunyamaza. Alimsukuma mlinzi akaingia.

Akamwona mjukuu wake amelala chali, macho wazi, mate shavuni, mguu mwekundu umeachwa wazi na hausogei.

Bibi hakupiga yowe. Alishikilia ukingo wa kitanda. "Mmemuua," alisema taratibu, kama mtu anayetoa taarifa.

Sista Mgeni hakuweza kuondoa mkono kwenye kidevu. "Mama, njoo. Njoo uweke mkono hapa. Hapa kifuani."

Bibi aliweka. Mkono wake ulipanda. Ukashuka. Ukapanda tena. Alikaa hivyo mpaka bandeji ya mwisho ikafungwa, na hakuna aliyemwambia atoke.

Baada ya nusu saa Chiriku alitapika kidogo, akalia kidogo, akamtazama bibi yake kwa mashaka. "Bibi, mbona una vichwa viwili?" Kisha, bila kungoja jibu: "Yule kuku mmempa nani?" Akaanza kuongea mfululizo mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na bibi akamsikiliza huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Alipomaliza kusikiliza aligeuka. "Hii dawa mmeitoa wapi?"

Jikaze alikuwa kwenye sinki akinawa. "Imefika jana, bibi," alisema bila kusita. "Tulikuwa tunaisubiri muda mrefu. Mshukuru Mungu." Na akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyepambana kwa ajili yako.

Mama Spiriti alitazama sakafu. Uongo ulikuwa umepangwa vizuri, kila mtu angeweza kukaa ndani yake na kupumzika. Bibi alishaanza kuikusanya mikono yake kifuani ili ashukuru. Sista Mgeni aliona shukrani ile inavyokwenda kumwangukia Jikaze, na yeye mwenyewe pamoja naye.

"Haikufika jana, mama. Ilikuwepo."

"Ilikuwepo wapi?"

"Ofisini. Kwenye kabati."

"Tangu tumekuja?"

"Kabla hamjaja."

Jikaze alifunga bomba, akatoka na mikono ikidondosha maji. Bibi hakumfuata kwa macho. Alikuwa akimtazama Sista Mgeni.

"Na wewe, mwanangu. Ulijua lini?"

"Jumanne."

Bibi alihesabu kwa vidole, na hakuhitaji vingi. "Jumatano ulikuwemo humu ndani. Jana pia ulikuwemo."

"Nilikuwemo, mama."

"Nilikuona ukitoka. Mikono yako ilikuwa na alama za kucha zake."

Bibi alimfunika mtoto vizuri, taratibu, akaupitisha mkono juu ya goti lililonyooka.

"Hatuondoki," alisema. "Atakaa hapa mpaka apone, na utamlaza wewe, kila siku. Unaijua kazi yako, nimeiona. Lakini hilo la kuniita mama uliache. Mtoto wangu mimi asingenyamaza siku mbili."

Sista Mgeni alifungua mdomo ajibu, "Sawa, mama," akaufunga. Alisimama pale akitafuta neno jingine la kumwita, na hakulipata.